Siri ya mchangiaji: dhana nne kutoka Marekani

Dhana: Asiye na la kuficha hafichi jina.

Ukweli: Wangeulizwa watu weusi wa Alabama. Mwaka 1956 mwanasheria mkuu wa jimbo, John Patterson, aliishtaki NAACP, chama kilichopigania haki zao, na mahakama ikakiamuru kitoe majina na anwani za wanachama wote wa jimboni. Viongozi chama kilikuwa radhi kuwataja. Wanachama wa kawaida, hapana. Faini ilianza kwa dola 10,000, siku chache baadaye ikawa 100,000. Kukataa kulikuwa na sababu: waliowahi kujulikana kibarua kiliota nyasi, wengine wakatishiwa kupigwa. Mwaka 1958 majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba orodha ile isitolewe. Jimbo nalo likabuni visingizio vingine, na NAACP haikurudi kazini Alabama hadi 1964.

Dhana: Kwa hiyo mashirika ya hisani yanafanya mambo gizani.

Ukweli: Mengi hujaza Fomu 990 ya mamlaka ya kodi kila mwaka, na yeyote anaruhusiwa kuisoma: mapato, matumizi, hata mshahara wa mkurugenzi. Kinachofunikwa ni majina ya wachangiaji wakubwa.

Dhana: Serikali ikikabidhiwa majina itayatunza.

Ukweli: Jimbo la California liliyataka mashirika ya hisani yalikabidhi majina ya wachangiaji wao wakubwa, likaahidi hivyo. Kisha orodha za siri karibu 2,000 zikakutwa kwenye tovuti ya mwanasheria mkuu wake, zimewekwa kwa uzembe tu. Tena mahakamani ilibainika kwamba ofisi hiyo ilikuwa haizitumii kwa lolote la maana kukamata matapeli. Mwaka 2021 majaji wa Mahakama ya Juu, sita dhidi ya watatu, waliliondoa sharti hilo la kukabidhi majina.

Dhana: Basi siri ya mchangiaji haiguswi.

Ukweli: Huguswa. Anayemchangia mgombea kiasi kikubwa hutajwa, na tangu 1976 Mahakama ya Juu imekubali iwe hivyo. Lakini mlango wa nyuma upo: shirika lililosajiliwa kuwa la "ustawi wa jamii" laweza kulipia matangazo ya siasa bila kumtaja mfadhili, na tangu 2020 hata mamlaka ya kodi hailidai majina. Watetezi wa utaratibu huu hupenda kujikinga kwa kesi ya Alabama. Kwangu hoja hiyo inachechemea: mwanachama wa NAACP aliogopa kufukuzwa kazi na kupigwa, bilionea anaogopa kuandikwa magazetini.