ELIMU KWA UMMA: Moyo wa kijeshi, koplo na maswali ya wazazi

Kila vijana waliomaliza kidato cha sita wanapoitwa kwenye mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, simu yangu haipumziki. Baadhi ya wanaopiga wanauliza kama ni kweli watoto wao watapigwa. Wengine, hasa waliopita huko kabla mafunzo hayo hayajasitishwa mwaka 1994, wanalalamika kwamba siku hizi hatupigi vya kutosha. Mzee mmoja wa hapa Chamwino alinisimamisha sokoni akasema tunalea askari wa biskuti. Ukisikiliza vizuri, makundi hayo mawili yanaamini kitu kimoja: kwamba moyo wa askari huingizwa mwilini kwa fimbo.

Nieleweke mapema. Ninaandika kama mkufunzi wa uongozi wa kijeshi. Msemaji ni mtu mwingine, na masuala ya operesheni, silaha na idadi ya askari yana wenyewe, sitayagusa.

Darasani mfano wangu wa kwanza huwa Lukaya. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya jeshi letu ilikuwa katika mji huo mdogo, kwenye barabara inayotoka Masaka kwenda Kampala. Wengi wa askari wake walikuwa mgambo, watu waliotolewa mashambani na kazini baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakafyatua maroketi ya Katyusha. Mengi yaliwapita juu kwa juu yakaanguka nyuma yao. Lakini ule mlio, kwa mtu ambaye hajawahi kuusikia! Mstari ukavunjika, na wengi wakakimbilia kwenye kinamasi kando ya barabara.

Nikifika hapo, wanafunzi huinamisha vichwa. Wamekulia kwenye nyimbo za ushindi na hakuna aliyewaambia kwamba askari wetu waliwahi kukimbia. Mimi nawaambia, kwa sababu somo liko kwenye saa zilizofuata. Usiku uleule waliotawanyika walikusanywa na kupangwa upya. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa igeuze njia. Alfajiri ya tarehe 11 adui akashambuliwa kutoka mbele na ubavuni, na Walibya wapatao 200 wakauawa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu na Waganda waliopigana pamoja nayo.

Waliokimbia jioni na waliopigana alfajiri ni watu walewale. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 na kufariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, anastahili kila sifa anayopewa. Ila kamanda wa divisheni haingii kwenye matete usiku kumtafuta askari mmoja mmoja. Anayeweza kufanya hivyo ni yule anayemjua kwa jina, anayejua sauti yake, na ambaye sauti yake mwenyewe inatambulika gizani. Kwa lugha ya kambini huyo ni koplo.

Koplo huongoza seksheni, watu kama kumi hivi. Raia wengi humpita bila kumwona, macho yao yako kwenye mabega yenye nyota na mwenge. Lakini ndiye anayekagua miguu ya askari baada ya matembezi marefu, maana lengelenge moja lisilotibiwa linaweza kumtoa mtu vitani kama risasi. Ndiye anayejua nani hajapata barua kutoka nyumbani, nani hanywi maji ya kutosha kwenye jua la Makutupora, nani anajifanya jasiri. Juu yake yupo sajenti, na juu ya sajenti yupo luteni usu aliyetoka Monduli juzi, mwenye cheo kikubwa na uzoefu mdogo. Tunamfundisha huyo luteni mambo mengi ya ramani na mbinu. Moja tunalirudia mpaka anachoka: chakula kikiletwa, wewe unakula mwisho. Sufuria ikiisha kabla hujafikiwa, utajua kwamba hesabu ya chakula ilikosewa, na utajua kabla askari wako hawajaijua njaa. Raia wakiliona hili wanasema ni unyenyekevu. Sisi tunaliita ukaguzi.

Sasa turudi kwenye kupiga. Hapa nitakuwa mrefu kidogo, wasomaji wanisamehe, kwa kuwa ndipo penye upotoshaji mwingi zaidi.

Askari wa JWTZ anaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, Sura ya 192. Akikosa, hapigwi makofi nyuma ya bweni. Anaandikiwa shitaka, anafikishwa mbele ya kamanda wa kombania, na kosa likizidi mamlaka yake linapanda kwa mkuu wa kikosi. Mtuhumiwa anasomewa shitaka, anaulizwa kama anakiri au anakana, mashahidi wanasikilizwa, naye anapewa nafasi ya kujitetea. Makosa mazito yanakwenda mahakama ya kijeshi. Tofautisheni pia utoro na kutoroka, maana wazazi huyachanganya kila mara. Aliyechelewa kurudi kutoka likizo kwa sababu basi liliharibika Manyoni ana kosa la kutokuwepo bila ruhusa, na maelezo yake yatapimwa. Aliyeondoka akiwa na nia ya kutorudi, au ya kukwepa kazi ya hatari, huyo ametoroka, na wakati wa vita kosa hilo ni zito kupita kiasi. Mzazi anayemficha kijana wa namna hiyo chumbani akidhani anamsaidia anaongeza tatizo. Mrudisheni kikosini mwenyewe, mapema, kwa miguu yake.

Na mkubwa anayempiga au kumdhalilisha aliye chini yake naye anakosa. Sheria haimlindi kwa sababu ya cheo. Ukali upo: kuamshwa kabla ya jua, mchakamchaka, kwata mpaka visigino viwake, kurudia zoezi lililoharibika. Kuchoka ni sehemu ya mafunzo. Kuumizwa kwa makusudi si sehemu yake, na anayeshindwa kuona tofauti hiyo hafai kupewa watu wa kuongoza.

Kwanini tunang'ang'ania hivyo? Kwa sababu ya Januari 1964. Kikosi cha Tanganyika Rifles kilirithiwa kutoka King's African Rifles. Kwata lao lilikuwa safi na viatu vilimeta. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi kwa sababu ya mishahara na maafisa wa Kiingereza waliobaki juu yao miaka miwili baada ya uhuru. Wenzao wa Tabora wakafuata. Tarehe 25 serikali ililazimika kuomba majeshi ya Uingereza kuzima maasi, jambo ambalo Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba lilikuwa la aibu. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 JWTZ ikazaliwa, ikichukua vijana wake wengi wa mwanzo kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT. Colito leo ni Lugalo, jina la mahali pale Iringa ambapo jeshi la Mkwawa lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski mwezi Agosti 1891. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba ukali peke yake unatosha, namwomba asome habari za Colito. Ukali pale haukukosekana.

Kuhusu teknolojia nitasema kidogo. Vijana huniuliza kama droni na kompyuta hazijafanya haya yote yapitwe na wakati. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wetu walishambuliwa kwa saa nyingi katika kambi yao ya Semuliki, Kongo, na wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Waulizeni waliorudi ni nini kiliwaweka kwenye mahandaki yao. Tena kazi ya ulinzi wa amani inadai jambo gumu zaidi ya kufyatua risasi, nalo ni kutofyatua wakati umati unakutupia mawe na amri ni kusubiri.

Sasa mambo ambayo sikutarajia kuyaeleza tena, lakini inaonekana lazima. Kijana wa mujibu wa sheria si askari wa JWTZ. Anakaa miezi mitatu, anafundishwa, anarudi kuendelea na masomo. JKT haitoi ajira kwa yeyote, awe wa mujibu wa sheria au wa kujitolea, wala nafasi haziuzwi. Anayekutumia namba ya simu ili umlipe "ada ya fomu" ni tapeli, mpeleke polisi. Jambo la pili ni sare. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za kijeshi au mavazi yanayofanana nazo kuyasalimisha. Siku hizo zilipita zamani, na bado naona kofia za madoadoa kwenye bodaboda za Majengo. Kuvaa hivyo ni kosa la jinai kwa raia. Usingoje ukamatwe ndipo uanze kueleza kwamba ulinunua mnadani. Ipeleke kituo cha polisi au kambi ya jeshi iliyo karibu. Anayetaka kuonyesha kwamba ana moyo wa kijeshi aanze kwa kusimama kwenye taa nyekundu.

Nimalizie na simu moja ya mwaka huu. Baba mmoja aliniomba, kwa sauti ya chini, nizungumze na wahusika ili mwanawe asipangwe lindo la usiku. Kijana anaogopa giza tangu utotoni, alisema, na akijulikana atachekwa. Nilimjibu kwamba siwezi kuingilia zamu za kambi, na sikuingilia. Wiki iliyofuata nilikuwa kambini kwa kazi nyingine, nikamuuliza koplo wa seksheni yake, bila kutaja baba, kijana huyo anaendeleaje.

"Anaogopa giza," koplo akasema, kama anayesema kijana ana viatu namba tisa. "Nilijua siku ya pili. Lindo lake la saa tisa usiku tunasimama naye."

"Wenzake wanajua?"

"Wanajua kwamba na mimi nina zamu."