Marumaru za mshazari: kipimo chako ni 57, si 40

Wenye nyumba wengi hapa Dodoma wanataka sebule ipigwe mshazari, kona za marumaru zikitazama ukuta. Inapendeza kweli. Lakini fundi akiipimia kama sakafu ya kawaida, aibu inaonekana akifika ukutani.

Marumaru ya sentimita 40 kwa 40 ukiilaza mshazari, unachohesabu ni ulalo wake, kona hadi kona. Chukua 40, ongeza milimita 3 za grauti, ile saruji ya kujaza kati ya marumaru, zidisha kwa 1.414: unapata 57. Nusu yake, kona hadi katikati ya marumaru, ni 28.5. Namba hizo mbili naziandika ukutani kwa penseli kabla sijafungua boksi hata moja.

Tuchukue sebule niliyoifanya Nzuguni, mita 4.2 kwa 4.8. Ndani ya sentimita 420, 28.5 inaingia mara 14, ni 399, zinabaki 21. Ukizipuuza hizo 21 ukaanzia katikati, kila ukuta unabaki na 10.5: pembetatu ndogo, kisha pande kubwa, kisha pembetatu ndogo tena. Mgeni analiona hilo akiwa bado mlangoni.

Dawa yake ni fremu. Zungusha chumba kwa vipande vilivyonyooka, vya rangi nyingine ukipenda, upana 10.5 kwa kuta mbili. Upande wa pili, 480 inachukua 28.5 mara 16, ni 456. Zinabaki 24, fremu inakuwa 12. Tofauti ya sentimita moja na nusu jicho haliisumbukii. Ukianza na makutano ya marumaru nne katikati ya chumba, ndani ya fremu unahitaji marumaru 98 nzima, 13 za kukata nusu upate vipande 26, na moja ya kutoa robo nne za kona. Jumla 112, hakuna cha kukisia. Bila fremu vipande vya pembeni havitumiki vizuri, kwa hiyo namwambia mwenye nyumba aongeze asilimia 15 ya mzigo wake.

Fremu ina faida nyingine ninayoithamini zaidi: inabeba makosa ya kuta. Mwaka 2017, pale Chang'ombe, niliuamini ukuta na kuvuta uzi kwa kuufuata. Ulikuwa umepinda sentimita 4. Nilibandua safu tatu. Tangu hapo naanzia katikati ya chumba, nahakikisha mistari miwili imekatana sawasawa: napima mita 1.5 kwenye mmoja, 2 kwenye mwingine, na kati ya alama hizo lazima iwe 2.5. Kisha napima mita 1.2 kutoka makutano kwenye kila mstari na kuunganisha alama hizo kwa uzi. Uzi huo ndio mshazari wako. Kila kipande cha fremu kipime ncha zote mbili, halafu punguza milimita 5 kisiguse ukuta, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itafunika.

Kwenye kukata, mashine ya kusukuma ya sentimita 60 inapitisha marumaru ya 40 kona hadi kona. Kwa ya 60 haitoshi, ulalo wake unakaribia 85, hapo ni grainda. Usipeleke diski moja kwa moja hadi mwisho, maana ncha inamegeka diski inapotoka. Mimi naanza kwa kukata sentimita tatu kutoka kona moja kuelekea ndani, nageuza marumaru, nakata kutoka kona ya pili hadi mikato ikutane. Ncha inabaki kali kama ilivyotoka kiwandani.

Na upepo wetu wa kiangazi msiudharau. Madirisha yakiwa bado wazi, gundi inaota ngozi juu huku chini ikiwa mbichi. Tandaza ya marumaru tatu tu kwa wakati, kisha igusie kidole. Kidole kikitoka kikavu, kwangua yote, tandaza upya.