Kuunga metali kwa baruti: yanayosemwa na yalivyo

“Joto la mlipuko huyeyusha mabamba mawili yakashikana.” Wengi huamini hivi, lakini kama kuyeyusha kungetosha, baruti ingekuwa ya nini? Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, chuma cha pua au cha kawaida karibu na 1500. Ukiziyeyusha pamoja, kwenye maungio huzaliwa tabaka gumu linalovunjika kama kigae. Titani na chuma ni yale yale.

Kinachofanyika ni hiki. Bamba la juu hutandazwa juu ya la chini bila kugusana. Huachwa mwanya wa milimita chache. Baruti humwagwa juu yake na kulipuliwa kutoka ukingo mmoja. Mlipuko ukisonga, bamba hujikunja na kulipiga la chini kwa pembe, kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde. Hapo yanapokutana, ngozi nyembamba ya metali hurushwa mbele pamoja na oksidi na uchafu wote, na nyuso zilizobaki safi hubanwa zikashikana. Joto halipati muda wa kupenya. Kata kiungo, kitazame kwa hadubini: mpaka wake mara nyingi ni mawimbi. Kuyeyuka kupo, ila ni vidoa kwenye mikunjo ya mawimbi hayo, na fundi hutaka viwe vichache.

“Baruti ikiwa kali zaidi, kiungo huwa imara zaidi.” La. Mgongano ukisonga kasi kuliko sauti inavyosafiri ndani ya metali, uchafu hautoki. Ndiyo maana hutumiwa amonium naitreti iliyochanganywa na dizeli, baruti ya kawaida kabisa ya machimboni, ambayo mlipuko wake husonga polepole ukilinganisha na baruti za kijeshi.

“Ni mchezo wa maabara.” Kampuni ya kemikali ya DuPont ilipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya njia hii Marekani mwaka 1964. Leo mabamba ya titani juu ya chuma yamo kwenye mitambo ya kemikali: titani hukabili kutu, chuma hubeba shinikizo, na gharama hupungua.

“Metali yoyote hukubali.” Chuma cha kutupwa hupasuka tu.

“Likishaungwa, litumie utakavyo.” Kwenye meli, sehemu ya juu ya aluminiamu hukaa juu ya kiunzi cha chuma kwa kupitia vipande vya namna hii. Mchomeleaji anayevifunga lazima achunge joto la mpaka lisizidi nyuzijoto 300 hivi. Likizidi, lile tabaka linalovunjika huanza kuota.