Je, wajua kwa nini mjomba anaapa kwamba muziki ulikwisha na bugaluu?

Kila ukoo una mjomba wa aina hii. Harusini anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mikono kifuani, huku DJ akimwaga singeli na amapiano mpaka glasi zinatetemeka mezani. Hachezi, haguni, anasubiri tu. Kisha, ama kwa bahati ama kwa huruma ya DJ, unaingia wimbo mmoja wa James Brown, na mzee ambaye asubuhi alikuwa analalamikia magoti anavua koti na kutafuta nafasi katikati ya ukumbi. Mguu mmoja unateleza, wa pili unaufuata. Watoto wanatoa simu kurekodi. Akirudi kitini, jasho likimchuruzika, anasoma hukumu yake ya miaka yote: "Nyie muziki hamjausikia."

Wa kwangu alikulia Ilala na sasa ana miaka sabini na ushei. Nimebishana naye tangu nikiwa shule ya msingi. Siku hizi nambishia kidogo, maana nimejisomea namna ubongo unavyotunza nyimbo, na kumbe mzee ana hoja. Si ile anayoidhani yeye, lakini anayo.

Kwanza tujue anakumbuka nini hasa. Anakumbuka bugi.

Bugi lilikuwa dansi la mchana. Usiku ulikuwa wa wakubwa: NUTA Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, bia mezani, watu wazima na mambo yao. Mwanafunzi wa sekondari hakuwa na pa kukaa humo, na hata angepata kiingilio, saa nane za usiku angegonga mlango wa nani? Ndiyo maana alasiri ya Jumamosi au Jumapili, jua likiwa bado kali, vijana walikuwa na ukumbi wao na bendi yao. Jua likizama umesharudi nyumbani, umevua nguo za sherehe, umeshika ndoo ya maji, uso mkavu kama mtu aliyekuwa kwa rafiki akijisomea.

Nguo zenyewe zilikuwa kisa kingine. Bugaluu ni suruali iliyobana mapajani ikafunguka chini kama mdomo wa tarumbeta. Raizoni ni kiatu chenye soli nene kiasi kwamba mtu mfupi alirefuka ghafla wikiendi na kufupika tena Jumatatu. Juu ya hayo weka afro, na chanuo mfuko wa nyuma, mpini ukichungulia makusudi.

Na muziki? Soul na roki, mwingi ukiwa wa kukopi: James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett, baadaye Jimi Hendrix na Santana. Dar kulikuwa na bendi za vijana kama Sparks, Rifters, Barkeys na Sunburst. Mombasa alikuwepo Slim Ali na Hodi Boys wake, wakiimba soul kwa Kiingereza mpaka mgeni aliyefumba macho angejiuliza yuko bara gani. Mpiga gitaa la solo aliyeweza kulifanya lilie kama Hendrix alikuwa na heshima kuliko mwalimu wa hesabu.

Wakubwa hawakufurahi. Kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeanzisha Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Novemba mwaka huohuo serikali ya Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulilibeba jiji la Dar es Salaam, ikapiga marufuku muziki wa soul. Hoja zilikuwa mbili: utamaduni wa kigeni, na watoto wa shule kupotelea kwenye madansi. Sunburst iliundwa 1970, baada tu ya amri hiyo, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe amri ilivyotiiwa. Ila usiipuuze, maana imo ndani ya jibu letu. Kitu ulichokifanya ukiwa na miaka kumi na sita, moyo ukidunda kwa muziki na kwa hofu ya kukamatwa kwa pamoja, hakitoki kichwani kirahisi.

Sasa tuingie kichwani.

Wanasaikolojia wamegundua jambo ambalo limejirudia katika tafiti nyingi. Ukimwomba mtu mzima asimulie kumbukumbu za maisha yake, kisha ukazipanga kwa umri aliokuwa nao, hazijigawi sawasawa. Utoto wa mwanzo karibu hauna kitu. Kisha mchoro unapanda, unavimba kati ya takriban miaka 10 na 30, halafu unashuka hadi kwenye mambo ya karibuni. Uvimbe huo, tuuite kilima cha kumbukumbu, upo kwa matukio, kwa vitabu, kwa filamu, na kwa nyimbo umechongoka vizuri tu. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler, watafiti wa Marekani, waliwapigia watu wa rika mbalimbali nyimbo za miongo tofauti wakawauliza wanazipenda kiasi gani. Upendo ulifika kileleni kwa nyimbo zilizotamba msikilizaji akiwa na miaka kama 24 hivi.

Kwa nini umri huo? Sababu ya kwanza ni ugeni wa mambo. Ujanani kila kitu ni mara ya kwanza: kupenda, kukataliwa, kushika pesa yako, kurudi nyumbani umechelewa. Ubongo hutunza kipya na kuzembea kwa kinachojirudia. Ndiyo maana unakumbuka siku yako ya kwanza kazini na huikumbuki Jumanne ya juzi. Ya pili, na mimi naiona nzito zaidi, ni kwamba huo ndio umri ambao mtu anaamua yeye ni nani. Kijana wa 1970 aliyevaa bugaluu hakuwa anafuata mtindo tu. Alikuwa anajibu swali, mbele ya baba yake na mbele ya TANU, kwamba yeye ni mtu wa wakati gani. Wimbo uliokuwa ukipigwa wakati anajibu ukaingia kwenye jibu.

Na si maneno ya kishairi haya. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo akawachezea vipande vya nyimbo za ujana wao. Wimbo ulipoamsha kumbukumbu binafsi, sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, upande wa kati, ilichangamka. Eneo hilohilo linahusika na mtu kujifikiria yeye mwenyewe, na kwa wagonjwa wa Alzheimer ni miongoni mwa maeneo yanayochelewa kuharibika. Huenda ndiyo sababu bibi aliyesahau majina ya wajukuu anaweza kuimba beti zote za wimbo wa zamani bila kukosea.

Kuna jambo la tatu ambalo kizazi chetu cha simu hatulijui. Wimbo ni ufunguo wa kumbukumbu, na ufunguo unaofungua milango mingi haufungui wowote vizuri. Wimbo niliousikia mara mia nane, kwenye daladala, jikoni, kwenye tangazo la sabuni, mazoezini, haunirudishi tena mahali popote. Mjomba alikuwa na wimbo aliousikia kwenye ukumbi mmoja, alasiri chache za mwaka mmoja, mara nyingi akiwa amesimama karibu na msichana yuleyule. (Msichana huyo si shangazi. Hilo halizungumzwi.) Ukiupiga leo, hauna pengine pa kumpeleka ila pale.

Sasa hapo ndipo anapoteleza. Anadhani anakumbuka enzi zilivyokuwa, kumbe kichwa kimemhariria. Hisia mbaya za matukio ya zamani kwa kawaida huchuja upesi kuliko hisia nzuri, kwa hiyo furaha ya bugi imebaki na rangi yake na aibu ya kukosa kiingilio imefifia. Nyimbo mbovu nazo zimeshajifia. Zilikuwepo, tena nyingi, lakini hakuna anayezitafuta, basi miaka hamsini baadaye tunalinganisha kumi bora za 1971 na takataka zote za wiki iliyopita. Mechi ya namna hiyo haina mwamuzi.

Lugha yetu yenyewe imeliona hili ikaliweka kwenye neno. Zilipendwa: zilizopendwa wakati uliopita, kitenzi kimefungwa na *li* kama mlango. Lakini neno hilo hulisikii ila pale watu wanapozipenda nyimbo hizo sasa hivi, tena kwa machozi. Kisarufi lilipaswa kuwa zinapendwa. Nadhani *li* imewekwa kwa ajili yetu na si kwa ajili ya nyimbo. Sisi ndio tulipita.

Utauliza: je, na kijana aliyezaliwa 1998 anayejaza simu yake roki ya miaka ya sabini? Yeye anakumbuka nini? Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwenzake Justin Zupnick walikutana na hilo mwaka 2013. Waliwapigia wanafunzi wa miaka kama ishirini nyimbo zilizotamba Marekani kuanzia katikati ya karne iliyopita. Nyimbo za ujana wao ziliwagusa, hilo lilitarajiwa. Lililowashangaza ni kilima cha pili, kwenye nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na kingine kidogo kwenye miaka ya sitini. Kumbe kilima kinarithishwa. Baba akiosha gari Jumamosi na redio imewaka, mtoto anaokota ujana wa baba pamoja na maji ya sabuni.

Na kuna wanaopenda bila hata kurithi. Hapa inabidi tuvuke mpaka, twende Zambia, ambako roki ilipata bahati isiyopatikana Dar. Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95. Vijana wa migodini, wakiwa wamelewa Hendrix na Rolling Stones, wakaitikia kwa namna yao: wakatengeneza roki yao wenyewe, gitaa lenye mkwaruzo juu ya midundo ya nyumbani. Ikaitwa Zamrock. Bendi kubwa ilikuwa WITCH, na mwimbaji wake Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa sababu mashabiki walimwona ni Mick Jagger wao. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya sabini, uchumi ukafuata, vita vya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) vikaleta amri za kutotoka usiku na bendi zikalazimika kupiga mchana. Mabugi ya lazima, ungesema. Ukimwi ukamaliza wengi. Katika kikosi cha WITCH cha enzi zile amebaki Jagari peke yake, na baada ya miaka ya kuchimba vito amerudi jukwaani. Mwaka 2023 walitoa albamu mpya, na wanaoijaza kumbi zake Ulaya ni vijana ambao hata wazazi wao hawakuisikia Zamrock.

Wamewezaje? Kwa sababu zilibaki sahani za muziki. Zambia walirekodi wakachapa santuri, na santuri hizo zikaja kuokotwa na watoza muziki wa Ulaya na Marekani. Hata Sunburst wetu, chini ya Hembi Flory Kongo, mtindo wao wakiuita Kitoto Sound, walirekodi albamu yao Ave Africa huko Zambia, 1976. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ikazikusanya nyimbo zao na kuzitoa upya, na leo unazipata kwenye simu.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka sahani ilisafiri hadi Nairobi, na bendi ya vijana iliyoishi kwa kukopi nyimbo za Wamarekani ilikuwa ikarekodi nini huko? Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki wa bugi ulipigwa, ukachezwa, jua likazama, ukaisha. Hakuna kanda. Umebaki kwenye vichwa vya watu wa miaka sabini na ushei.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba simu, nikamwambia ataje bendi yoyote nimtafutie. Ave Africa aliisikiliza nusu saa, kichwa kikitikisika taratibu, kisha akasema sawa, lakini yeye anayoitaka ni ile bendi ya wale vijana wanne, waliokuwa na drams za kuazima. Jina? Hakumbuki jina. Nikaandika hiki na kile, hakuna kitu. Alinitazama ninavyohangaika, akaniambia niache. Akaweka vidole mezani, vinne, akaanza kunipigia besi yake.