Dig, mine, excavate, extract: kitenzi kinatazama wapi?

Juzi nilikuwa nahariri tafsiri ya ripoti ya machimbo, nikakuta "they dig for gold" imetafsiriwa "wanachimba dhahabu". Inasomeka vizuri, ila si kweli. Dig for ni kuchimba ukitafuta, na huenda ukaambulia mchanga mtupu. Anayechimba dhahabu na kuipata, Kiingereza humpa kitenzi mine. Nilirekebisha: "wanachimba wakitafuta dhahabu".

Mimi hujiuliza kila mara: kitenzi hiki kinatazama shimo, au kinatazama kile kinachotoka shimoni? Dig hutazama kote kuwili, sawasawa na chimba letu: kisima huchimbwa, na viazi huchimbwa. Excavate limebeba ndani yake neno la Kilatini cavus, yaani chenye uwazi, kwa hiyo jicho lake liko kwenye nafasi inayobaki. Ndiyo maana wajenzi hulitumia kwa msingi wa jengo. Wanaakiolojia nao hulitumia, lakini kwao lina utaratibu: tabaka baada ya tabaka, kila hatua ikiandikwa.

Mwaka 1974, karibu na Xi'an nchini China, wakulima walikuwa wakichimba kisima. Hapo ni dig. Wakakutana na vipande vya sanamu za askari wa udongo wa kuchoma: unearth, maana kilichofichwa na ardhi kimeonekana. Kisha wakaja wanaakiolojia, na kazi ikawa excavate. Ukisema wanaakiolojia walizi-dig up sanamu zile, msomaji wa Kiingereza anaona watu wanang'oa visiki.

Linalosumbua wafasiri zaidi ni extract. Asili yake ni kuvuta kitu kitoke, wala halihitaji udongo. Jino, mafuta ya mbegu, DNA ya seli, hata siri ya mtu, vyote Kiingereza huvi-extract. Sisi tumegawa kazi hiyo: jino hung'olewa, mafuta hukamuliwa, madini huchimbwa, siri hudodoswa. Ukishika "toa" kila mahali utaeleweka, lakini utakuwa umeacha utajiri wetu mezani.

Quarry ni rahisi: ni mawe, kwa kawaida machimbo ya wazi.

Exhume ndilo ninalolipenda, kwa sababu hapa Kiswahili kina jozi safi: fukia na fukua, mzizi mmoja, kimoja kinatengua kingine. Tahadhari tu, fukua ni pana, na exhume kwa kawaida huhusu maiti. Kwenye hati ya mahakama andika "kufukua maiti", usiache fukua peke yake.