Kabla ya kumpeleka muuguzi semina, tazama rota yake ya zamu

Wauguzi wakianza kuchakaa kwa uchovu wa kazi, jibu la haraka huwa semina: jifunzeni kuvuta pumzi, jitunzeni, muwe wastahimilivu. Semina hizo nimeziendesha mwenyewe miaka mingi, kwa hiyo simsemi mtu. Zinasaidia, ila msaada wake huisha pale muuguzi anapoingia zamu na kukuta wodi imejaa na mwenzake hajaja.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, halikuuita uchovu huu ugonjwa. Liliuweka kuwa hali inayotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Basi mbona tiba tunampa mtu, na kazi tunaiacha vilevile?

Mwanasaikolojia Christina Maslach, ambaye kipimo chake cha uchovu huu cha 1981 bado kinatumika, alitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kumwona mgonjwa kama kitu, na kuona kazi yako haina tija. Ya pili ndiyo inayonitia hofu. Wakati wa kukabidhiana zamu sote husema “kitanda namba sita”, hata mimi. Lakini nilimwona muuguzi mmoja, hodari kweli, akibadilisha dripu. Mgonjwa akamuuliza kama atapona. Akajibu “eeh” huku anahesabu matone, akaondoka. Wenzake walisema siku hizi ana roho ngumu. Nikaifungua rota: ulikuwa usiku wake wa sita mfululizo.

Hesabu za wagonjwa nazo zina ushahidi wake. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, na mwaka 2002 wakachapisha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchakaa, na asilimia 7 la mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Jimbo jingine la huko, California, lilianza 2004 kuweka kikomo cha kisheria cha wagonjwa kwa kila muuguzi.

Msimamizi wa wodi hatungi sheria, lakini rota iko mkononi mwake. Apunguze usiku wa mfululizo. Zamu zizunguke kwenda mbele, asubuhi, jioni kisha usiku, kwa kuwa mwili huzoea hivyo kwa urahisi zaidi. Na anayekwenda kula ashikiwe wagonjwa wake na mtu anayejulikana kwa jina. Chakula cha kusimama mlangoni, sikio likiwa kwenye kengele, si mapumziko.

Kisha kuna vifo. Jonathan Bartels, muuguzi wa Virginia, Marekani, alianzisha desturi ya timu kusimama kimya kidogo kando ya kitanda mgonjwa anapofariki, kabla ya kila mtu kurudi kwenye shughuli zake. Haifiki hata dakika mbili. Nilipoipendekeza kwenye wodi ya dharura niliambiwa hakuna nafasi. Tukaijaribu hivyo hivyo. Wa kwanza kuulizia, siku tuliyoisahau, alikuwa mhudumu wa usafi.