Je, wajua kwa nini kamusi ya mtandaoni inalijua "vua" lakini inaweza kushindwa na "tuliwavulia"?

Andika "vua" kwenye kamusi ya mtandaoni, utaletewa maana zake papo hapo. Andika "tuliwavulia", neno ambalo mtoto yeyote wa Igombe au Kayenze, huku kwetu Mwanza ziwani, analielewa bila kukuna kichwa, na kamusi nyingine itakujibu kwa ukavu: neno halikupatikana. Kwa nini?

Jibu langu la miaka mingi lilikuwa jepesi, tena lilikuwa na kinyongo ndani yake. Nilidhani kamusi ni ghala: neno likiletwa lipo, lisipoletwa halipo. Nilikuwa nimeshatafuta "mapanki" na "kayabo", maneno yetu ya biashara ya samaki, nikatoka mikono mitupu, basi na "tuliwavulia" nikalitupia kwenye fungu hilohilo. Watu wa pwani wamejijazia maneno yao, sisi wa ziwani tumesahauliwa. Na dawa niliiona waziwazi. Kamusi ikiwa shirikishi, yaani kila mtu anaruhusiwa kuchangia, basi wafanyabiashara na wavuvi wa mwalo wa Kirumba, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, walete maneno kumi kumi, na ghala litajaa kabla ya masika.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, "vua" lilikuwamo tayari, tangu zamani, na maana ya uvuvi ikiwamo. Hakuna mtu wa pwani aliyetunyima chochote. Pili, na hili ndilo lililonichukua muda kulikubali, ghala la namna niliyoiwaza haliwezi kujaa hata tukiwahamishia humo watu wote wa Mwanza.

Tupige hesabu kidogo. Mtendaji anaweza kuwa ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, halafu kuna vitu na mahali: i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa-. Hizo ni 14. Wakati tuchukue minne tu: na, li, ta, me. Mtendewa naye ana viambishi visivyopungua 13, na pia anaweza asitajwe kabisa, kwa hiyo 14. Zidisha: 14 mara 4 mara 14 ni 784. Hapo bado hatujaigusa mwisho wa neno. Ongeza vulia, vuliwa na vulika, fungu linakuwa mara nne: 3,136. Kukanusha bado (hatukuwavulia). "Walivyotuvulia", "alipoivua" na "tuliowavulia" bado. Hesabu hii ni ya karatasini, nakubali. "Tunatuvua" hakuna asemaye, na kuna mengine mengi humo ambayo ulimi utayakataa. Lakini hata ukitupa nusu, hilo ni tendo moja. Tungekaa Kirumba tukiorodhesha "vua" peke yake, na "pika" ikitusubiri mlangoni.

Ndiyo maana kamusi haikuwahi kuwa ghala la maneno yote. Ile ya Krapf ya mwaka 1882, ya Johnson ya 1939, ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya 2015, zote zinamtarajia msomaji alifikishe tendo likiwa limeshamenywa. Mwalimu alitufundisha hivyo darasani: tafuta mzizi kwanza, ndipo ufungue kitabu. Tulikuwa tunafanya nusu ya kazi ya kamusi bila malipo. Mwaka 1994, Martin Benjamin alipoanzisha kamusi hai ya Kiswahili kwenye intaneti katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ikijengwa na wachangiaji wa kujitolea, msomaji alibadilika. Mtu wa kompyuta hamenyi. Ananakili neno kama alivyolikuta na kulibandika. (Tena neno "kamusi" lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ambako qamus lilimaanisha bahari kuu. Sisi wa maji baridi tunaomba nafasi baharini.)

Kwa hiyo kazi ya kumenya inabidi ifanywe na programu. Inafanywaje? Inalivua neno nguo. Sitanii; kwa tendo letu hili hakuna mfano bora zaidi.

Chukua "tuliwavulia". Nje kabisa amevaa koti, tu-: anasema ni sisi. Ukilivua koti unakuta shati, -li-: mambo yamekwisha kupita. Chini ya shati kuna fulana, -wa-: hao waliofanyiwa. Kisha unashuka miguuni, upande wa pili wa neno, unakuta soksi, ile -i- iliyokaa kabla ya a ya mwisho: kwa ajili yao. Kinachosaidia ni kwamba Kiswahili huvaa kwa mpangilio. Hakuna neno linalovaa shati juu ya koti. "Lituwavulia" halipo, na programu haihitaji kupoteza muda kulifikiria. Kila nguo inapotoka, programu inakwenda kwenye orodha ya mizizi na kuuliza: huyu aliyebaki mnamjua? Wakimkana, inarudisha nguo na kujaribu kuanzia kwingine.

Sasa hapa kuna kituko. Ukimvua nguo zote huyu wetu anabaki "vul", na "vul" orodhani hayupo. Yupo "vu", wa "vua". Hiyo l imetoka wapi? Wanaisimu wanaeleza kuwa haikutoka kokote, ilikuwapo. Zamani tendo lilikuwa na l, ikamezwa katikati ya irabu, lakini kwenye kauli ya kutendea ikabaki imejibanza. Ndiyo maana tuna nunua na nunulia, fua na fulia, pokea na pokelea, ng'oa na ng'olea. Programu isipoambiwa habari za hii l, itamvua mtu wake vizuri kabisa kisha ishindwe kumtambua.

Na ikiwa na bidii kupita kiasi, inaharibu. Neno "tulia" lina kitu kama tu- mbele na kitu kama -li- katikati. Inavua koti, inavua shati, inabaki na "a". Imemchuna ngozi mtu aliyekuwa ametulia zake. Vivyo hivyo inaweza kuona ki- kwenye Kirumba na kukuuliza kama unazo taarifa za Virumba.

Hayo ya "tulia" yanarekebishika kwa kanuni. Yasiyorekebishika ndiyo yanayohitaji watu. Soma sentensi hii: "Mamba alikula." Inaweza kuwa a-li-kula, mamba alikuwa na njaa akala. Inaweza pia kuwa a-li-ku-la, mamba alikula wewe. Kwa maandishi ni herufi zilezile, kwa sababu tendo fupi kama "la" hubeba ku- ya bure linapokuwa peke yake, na huitupa likipata mtendewa. Msomaji aliye hai anajua ni ipi. Programu haijui.

"Vua" nayo ni mbili: ya samaki na ya nguo, na zikitendwa zote zinakuwa "vuliwa". Alfajiri pale mwaloni, "amevuliwa" ni sangara. Kwenye taarifa ya habari ya jioni, "amevuliwa" ni mkurugenzi. Kumenya kunakufikisha mlangoni kwenye mzizi; kuchagua chumba kunataka mtu aliyeishi na neno hilo, aandike kila maana peke yake na sentensi yake.

Hapo ndipo mchango wa ziwani unapohitajika, na sivyo nilivyodhani. "Dagaa" haliwezi kukosekana kwenye kamusi. Lakini dagaa wa Mwanza, anayevuliwa usiku kwa taa, ni Rastrineobola argentea, yuleyule ambaye Wakenya wanamwita omena na Waganda mukene. Dagaa wa Kigoma anayesifiwa kwa utamu ni Stolothrissa tanganicae, samaki wa ukoo mwingine kabisa. Mtu wa Mwanza na mtu wa Kigoma wakisahihishana kwenye kamusi shirikishi wanaweza kufutana mpaka asubuhi, na wote wako sahihi. Wanachohitaji ni maana mbili, wala si mshindi. "Mapanki" nayo haitoshi kuandikwa "mifupa ya samaki". Ni kiunzi cha sangara, kichwa na mkia vikiwamo, kinachobaki kiwanda kikishachukua minofu. Pasipo viwanda vya minofu, neno hilo lisingekuwa na kazi.

Kosa langu lilibaki na chembe moja ya ukweli: "kayabo", sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, kweli sikulikuta. Nikaamua kulichangia. Nilitegemea kuandika neno na maana, basi. Fomu ikataka ngeli. Nikakasirika kidogo, kisha nikaelewa: bila ngeli, programu haijui neno hili linawavisha wenzake koti gani, i-, li- au zi-. Mimi nilikuwa nasema "kayabo" tangu utotoni bila kujikagua.

Nikashuka Kirumba kuwauliza wenye mali. Wa kwanza alisema "kayabo hii", wa pili akasema "kayabo hii" halafu akacheka. Mama wa tatu alikuwa anafunga mzigo, nikamuuliza zikiwa nyingi anazitajaje. Hakuinua hata kichwa.

"Kaka, kayabo zangu zinauzwa, hazihojiwi."

Nikanunua kilo moja. Kwenye fomu nikajaza ngeli ya I-ZI, na kwenye nafasi ya mfano wa sentensi nikaandika maneno yake kama alivyoyasema.